Mnara Usiojua Utani

Mtu pekee aliyeruhusiwa kumtukana baba yangu alikuwa Odilo Mbano wa Peramiho, na siku Odilo alipoacha kumtukana ndiyo siku baba aligeukia ukuta akakataa uji.

Nilimkuta hivyo niliporudi kutoka zamu. Ilikuwa mchana, lakini ukungu wa Mafinga ulikuwa bado umekaa juu ya mabati. Baba alikuwa amejifunika shuka lake la mgololi hadi masikioni, mpira wa hewa puani, na mashine ya kumsaidia kupumua ikihema kando ya kitanda. Simu yake ilikuwa sakafuni. Baba hakuwa mtu wa kutupa vitu.

"Kamwene, baba."

Akavuta shuka juu zaidi.

"Baba, uji umepoa. Hukula?"

"Odilo kanipigia," akasema, akiuambia ukuta.

"Sasa si vizuri? Leo kakuitaje? Mla mbwa?"

"Kaniambia pole."

Nikacheka, mjinga mimi. Nilidhani kuna kichekesho kinakuja.

"Kaniambia pole sana ndugu yangu Kastori, Mungu akupe nafuu, tuko pamoja katika maombi." Aliyatamka maneno hayo kama anatema mchanga. "Ndugu yangu Kastori! Odilo! Mimi nimemkosea nini yule Mngoni, Lusi?"

Babu zetu Wahehe na babu zao Wangoni walipigana mpaka wakachoka, wakaona afadhali wamalizie kwa mdomo, sisi tukiitwa wala mbwa, wao wala panya. Ndio utani huo. Lakini wa baba na Odilo ulipita kipimo. Ujanani walivuta msumeno mmoja kule msituni, huyu juu ya gogo, yule chini shimoni anakula vumbi la mbao, na kutwa nzima walikuwa wakitukanana ili wasisikie uchovu. Mama alipofariki, Odilo alifika msibani, akaingia kaburini, akalala chali, akasema Mhehe hazikwi mpaka Mngoni apewe jogoo. Kisha akatoka akatembea kama mama, akasema kama mama, akamgombeza baba kwa sauti ya mama kwamba hajafunga mlango wa kuku. Baba alicheka huku machozi yanamtoka, na usiku ule ndipo alipopata usingizi.

Mapafu ya baba yalipoanza kukataa kazi, Odilo alipiga simu kila siku. Kuja hakuweza. Mguu mmoja ulikuwa umekatwa kwa ajili ya sukari, na mvua zilikuwa zimechukua daraja. Lakini mdomo alikuwa nao. "Kastori! Bado unamaliza hewa ya wenzako? Panga nimeshanoa, nakuja kukumaliza mwenyewe. Nguo zako nitawagawia mbwa, wale wachache uliowabakiza!" Baba alikohoa kwa kicheko mpaka mashine ikapiga kelele, akajibu, "Njoo! Ila panya wa njiani usiwamalize, nao wana watoto!" Hakuna daktari aliyewahi kumpa baba dawa iliyomshinda Odilo.

Mtani akikwambia pole, ama amekukana, ama ameshakuzika.

"Ni yeye kweli?" baba akaniuliza, akageuza shingo kidogo. "Au kuna mtu kachukua simu yake?"

"Ndiye, baba. Si umeisikia sauti?"

Nilisema hivyo nikiokota simu, na kabla sijainuka nilikuwa nimeshajua kuwa si yeye.

* * *

Majirani wananijua kama bibi misitu, mtu wa kupima mipaina. Huo si uongo mtupu, kwa kuwa mnara wetu ni mpaina. Umesimama kati ya mipaina ya kweli nyuma ya viwanda vya mbao, na majani yake ni ya plastiki. Mgema utomvu mmoja aliwahi kuutia kisu akakuta chuma. Kesho yake akapewa kazi nzuri katika wilaya nyingine, naye akaenda akishukuru.

Mimi ni fundi wa Idara ya Usikivu. Unavyofanya kazi mnara bandia ni jambo la aibu kwa wepesi wake. Simu, hata hizi za siku hizi za kubandika nyuma ya sikio, haina akili ya kuuliza mnara u wa nani. Yenyewe huulizwa kila kitu, jina, namba, ilikotoka, lakini mnara hauulizwi neno. Mnara wenye nguvu zaidi ndio simu huushika. Basi unasimamisha wa kwako, unaupa nguvu kuliko ya jirani, na simu zote za mji zinakuja zenyewe mikononi. Unazishika, unasikiliza, kisha unazipitisha kwenye mnara halali, na mwenye simu hajui lolote.

Zamani ilikuwa kusikiliza tu. Wa kwetu unasema. Ukikushika mara chache unakuwa umeshaijua sauti yako, vituo vyako, hata namna unavyosafisha koo. Maneno yakianza kuchemka, kipimo kinapanda, na kikifika pekundu mnara unakuchukua sauti katikati ya pumzi. Wewe unaendelea kutukana, lakini mwenzako anasikia sauti yako ikisema, "Tutulie, ndugu yangu." Naye akikujibu kwa matusi, unamsikia anakubali. Wote wawili mnakata simu mmepoa. Ofisini tuliuita Shangazi, kwa sababu shangazi ndiye anayeingia kati watu wakigombana.

Msinitazame hivyo. Hamkuwapo Mafinga Mwaka wa Moto, watu walipopigiana simu mpaka wakachoma misitu, na baada ya misitu wakachoma nyumba. Mimi nilisaidia kupakia maiti kwenye lori la mbao. Tangu Shangazi asimikwe hakuna mtu aliyekatwa panga mji huu. Hakuna! Hapo sitaki mtu anibishie.

Ila waliomfunza walimfunza kwa magomvi. Walimlisha matusi ya kweli na vitisho vya kweli vya nchi nzima. Utani hawakumfunza, na sidhani kama wao wenyewe walikuwa na watani. Odilo alipokuwa akisema habari za mbwa na panya, kipimo kilitikisika tu. Baba alipougua, Odilo akaingia kwenye habari za makaburi na mapanga, kama inavyompasa mtani wa mgonjwa, na kipimo kikapanda siku kwa siku, mpaka siku ile kikafika pekundu.

Nilirudi kazini siku ileile. Mwenzangu wa zamu, mama Tumwidike, alinifungulia mazungumzo yale bila kuniuliza sababu. Nikasikiliza pande zote mbili. Nilimsikia Odilo wa kweli akianza, "Kastori, mla mbwa, bado tu hujafa—" na papo hapo Shangazi akamchukua. Nikasikia baba akiambiwa pole. Nikasikia baba, baba yangu, akipiga kelele kwa mapafu yale, "We Mngoni umelewa? Nitukane!" Na kelele hizo zilifika Peramiho zikiwa hivi: "Asante kwa kunijali, ndugu yangu. Nashukuru sana."

Odilo akasema polepole, "Haya, Kastori. Haya," akakata simu.

"Mtoe," nikamwambia Tumwidike. "Itoe namba ya baba."

"Namba haitolewi, unajua. Maombi yanaenda makao makuu, wanakaa kikao."

"Baba hana muda wa vikao."

"Najua, dada. Lakini tukitaka kumlaza Shangazi tunamlaza kwa mji mzima. Na kina Nyaulingo je?"

Desderi na Avelin Nyaulingo walikuwa ndugu wa tumbo moja wenye viwanda viwili vinavyotazamana, wakigombea shamba la mipaina aliloacha baba yao. Walipigiana simu kila siku kuahidiana kifo, na kila siku Shangazi aliwasemesha kwamba watakaa waongee. Hao hawakuwa watani. Tumwidike aliniwekea sauti zao nisikie, nikamwambia azizime.

* * *

Odilo aliendelea kupiga, na Shangazi akaendelea kumpoza. Baba akaacha kupokea. Uji aliukataa, pombe yake ya ulanzi aliikataa, hata kusukumwa dirishani aone mipaina aliyoipanda kwa mkono wake akakataa. Baba asingeweza kusafiri na mashine ile, basi nilifikiria kutoka mwenyewe nje ya mji, nimrekodi Odilo akitukana, nije nimchezeshee baba. Lakini utani ni kujibizana. Maneno ya kuhifadhi hayana maana.

Basi nikavunja kiapo cha kazi. Nilikaa kitandani kwake, nikamwambia yote, mnara na sauti na kipimo.

"Kwa hiyo yule si Odilo," akasema.

"Si yeye, baba. Ni mashine. Odilo anakutukana vilevile kila siku, ila hayakufikii."

Uso wake ulifunguka. Nilidhani nimemrudishia uhai.

"Nitaijuaje hiyo mashine?"

"Ina adabu. Haina hasira, haikasiriki hata ufanyeje. Haikati simu mpaka wewe ukate."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Kisha nikaona anafikiri, na nikaanza kuogopa.

"Na Gervas?" akauliza. Gervas ni kaka yangu wa Mbeya. Aligombana na baba mama alipokufa, na mwaka uliopita walipatana kwa simu. "Gervas aliyeniomba radhi mimi nikalia, alikuwa Gervas?"

Hilo hata mimi sikulijua.

"Na wewe unayenipigia kutoka kazini kuniuliza kama nimekula?"

"Baba, jamani! Ni mimi!"

"Na Odilo ulisema ni yeye."

Aliisema bila hasira, tena akanishika mkono. Afadhali angenipiga kofi.

* * *

Siku ambayo muuguzi alinivuta nje akaniambia niwaite ndugu, niliamua. Nikampigia Tumwidike kwa redio ya kazini, ile isiyopita kwa Shangazi, nikamwambia namlaza.

"Muda wa kuchemsha chai tu," akasema. "Na mimi sikukuona. Nakuomba uwahi, Lusi."

Nilibonyeza. Taa ya kijani kwenye kibao cha kazi nilichokuja nacho nyumbani ikazimika, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mji wa Mafinga ukawa unaongea wenyewe. Nikampigia Odilo kwa simu ya baba, nikaweka sauti kubwa, simu nikailaza kifuani kwa baba.

"Shikamoo, baba Odilo. Ni Lusi."

"Marahaba. Huyo mzee wako kajifunza adabu uzeeni, siku hizi ananishukuru." Sauti yake ilikuwa kavu. "Mwambie shukrani apeleke kanisani."

"Mtukane, baba Odilo."

"Eti?"

"Nakuomba. Mtukane kama zamani. Yuko hapa anakusikia."

Nikasikia anavuta pumzi, na Mngoni akafunguka.

"Kastori! Mla mbwa mkubwa! Bado unahema? Mbwa wa Iringa wote wamefunga wanakuombea ufe, wapate kutembea barabarani! Sanda nimekushonea ya gunia la mahindi, na hata hilo nitakunyang'anya kaburini! Ulikuwa mvivu wa msumeno, na sasa umekuwa mvivu wa kufa! Unangoja nini? Nije na gongo langu nikusukume?"

Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja. Macho ya baba yaliwaka. Niliyaona, naapa niliyaona. Kisha yakanigeukia, yakakaa usoni kwangu, yakazimika.

"Wameirekebisha," akaninong'oneza. "Umewaomba wakaitia matusi."

"Hapana, baba! Mnara nimeulaza, huyu ni—"

"Nimekusikia ukiiomba, Lusi. Asante, mwanangu. Umejitahidi."

Akaichukua simu kwa mikono miwili, akasafisha koo, akaongea kama mtu aliye mbele ya karani wa serikali.

"Nashukuru sana, bwana. Kazi yenu ni nzuri. Mungu awabariki."

Nilisikia kuku wa Peramiho wakilia uani kwa Odilo.

"Lusi," Odilo akasema hatimaye. "Huyo ni nani?"

"Ni baba! Haki ya Mungu ni baba!"

"Kastori hajawahi kuniita bwana." Sauti ikaanza kumtetemeka. "Kastori amekufa. Amekufa siku nyingi, mmenificha, mmeniwekea mtu. Mimi ndiye wa kumzika, na mmenificha! Mna laana nyinyi!"

Akakata.

Hapohapo redio ikalia. "Mwamshe!" Tumwidike alikuwa akipiga kelele. "Avelin kampigia Desderi, wamesikiana yote, kila mmoja anaita watu wake! Mwamshe, Lusi!"

Nikabonyeza. Sikufikiri. Taa ikarudi kijani.

Nilipoinua uso, baba alikuwa anaikodolea simu.

"Kakata," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Ulisema mashine haikati."

Akajiinua kwa kiwiko, yeye ambaye kwa siku kadhaa hakuwa ameinua hata kijiko.

"Lusi! Yule alikuwa Odilo! Mungu wangu, nimemwita Odilo bwana! Nimembariki!" Alikuwa anacheka, alikuwa anaogopa, vidole vyake vinatafuta namba na kuikosa. "Mpigie. Upesi, mpigie nimtukane kabla hajaniamini!"

"Wanapoa," Tumwidike alisema redioni, pumzi juu. "Anawapoza wote wawili. Lakini mapanga bado wanayo mkononi. Usiguse kitu, dada. Nakuomba sana, usiguse."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Niliwachukia Desderi na Avelin. Niliwachukia watu wote ambao hawawezi kuongea na ndugu zao bila kupozwa. Nilimtazama baba na uso wake uliojaa uhai, kisha nikaliona tena lile lori la mbao na miguu iliyoning'inia nyuma. Nikaondoa kidole.

Nikapiga namba ya Odilo, nikaiweka simu sikioni kwangu.

"Weka sauti kubwa," baba akasema.

"Spika imekufa, baba. Sema tu, nitakupelekea anayosema."

Odilo alipokea. Najua alipokea, na najua alisema neno lake la kweli, lakini mimi nilichosikia ni sauti yake ikiniambia taratibu, "Pole sana, ndugu yangu."

Baba akavuta hewa yote iliyobaki. "Odilo! Mla panya! Mguu mmoja kama kiti kibovu! Ulidhani nimekufa? Sifi mpaka nikuone unazikwa na panya wako wamejipanga mstari wanashangilia!" Akarudi kwenye mto, anahema, macho kwangu. "Anasemaje?"

"Asante kwa maneno yako mazuri," sauti ilisema sikioni mwangu. "Tuko pamoja."

Kwetu mtoto hamtaji baba yake kwa jina. Akilazimika, hutaja la ukoo, tena anainamisha macho.

"Anasema…" Nikasafisha koo. "Anasema, Kastori, mla mbwa wewe, hata kufa kumekushinda."

"Eeeh!" Baba akapiga goti kwa kiganja. "Huyo ndiye! Anasemaje tena?"

"Anasema… anasema jogoo wake wa msibani awe mnono, wewe mwenyewe hata mchuzi hufai. Anasema alikuwa anavuta msumeno peke yake miaka yote, wewe ulikuwa umening'inia tu."

"Mwongo! Mwambie mwongo! Mwambie aje!"

"Anasema anakuja. Anasema usogee huko kaburini apate pa kulala, usije ukajitandaza kama ulivyozoea."

Baba alicheka. Alicheka kile kicheko chake cha shimoni, cha mtu aliyejaa vumbi la mbao, na mimi nikaendelea kumtukana baba yangu kwa jina lake, tusi moja baada ya jingine, nikitunga kwa haraka, macho yangu hayaoni kitu kwa machozi, hadi kicheko kikawa pumzi tu, na hatimaye pumzi iliyosikika chumbani ikawa ya mashine peke yake.

"Ndugu yangu Kastori," sauti ya Odilo ikauliza kwa upole sikioni mwangu. "Bado upo?"

Nikaiambia yupo.